Pointi Thelathini na Tisa

Karata za briji zina pointi arobaini. Hilo halina ubishi, na mimi niliyefundisha hesabu darasa la tano kwa nusu ya maisha yangu siwezi kuanza kulibishia leo. Asi ni nne. Mfalme, ambaye sisi wa Bunia, Kongo ya mashariki, tunamwita rwa kwa Kifaransa walichotufundisha Wabelgiji, ni tatu. Dame ni mbili, na vale, yule kijana mwenye kofia na nywele za kusokotwa, ni moja. Kila aina ina pointi kumi, na aina ziko nne, pike, kere, karo na trefle, zile ambazo pwani huitwa shupaza, kopa, uru na pau. Ukigawia watu wanne karata zote hamsini na mbili, pointi zitatawanyika mezani, lakini hazitapungua wala kuongezeka. Nyumbani kwangu zilikuwa thelathini na tisa.

Majirani zetu wa mtaa wa Ngezi hawakujua briji ni mdudu gani. Walituona mimi na mume wangu tumekaa kwenye mkeka, kila mmoja na karata zake, tunatajiana tarakimu kwa sauti ya upole. Wengine walisema ni kamari, wengine walisema tunapiga ramli. Mama mmoja muuza chumvi alikuja siku moja kuomba tumwangalizie kama mwanawe atafaulu mtihani. Nilimwambia mwanawe asome.

Mume wangu alijifunza kolejini, kwa padri mmoja mzungu mzee aliyefundisha Kilatini na ambaye Jumapili za mvua aliwakalisha wavulana wanne wanne kuzunguka meza. Naye alinifundisha mimi wakati wa uchumba. Baba yangu, mtu wa ng'ombe, alikuwa akituangalia kutoka upande wa pili wa ua, na kwa kuwa mikono yetu ilikuwa na karata muda wote, aliona huyo ni mchumba salama. Alisema kijana anayehesabu namna ile hatapoteza ndama.

Utamu wa briji hauko katika kutupa karata. Uko katika kutangaza, yaani yale mazungumzo yanayotangulia. Mnaketi wanne, wawili wawili. Mwenzako yuko mbele yako, wapinzani wako ubavuni. Huruhusiwi kumwambia mwenzako umeshika nini. Unaruhusiwa tarakimu na jina la aina tu, pike moja, karo mbili, bila atu tatu, yaani bila aina inayokata nyingine, au unasema pasi ukikosa la kutangaza. Kwa maneno hayo machache inakubidi umweleze mkono wako wote, yaani karata zako kumi na tatu, na ndiyo maana watu wanaocheza pamoja huwekeana mapatano. Kwa mfano, mwenzangu akifungua, yaani akiwa wa kwanza kutangaza, kwa bila atu moja, nami nikamjibu trefle mbili, sina habari na trefle hata kidogo. Ninamuuliza kama ana kere nne au pike nne. Naye hana ruhusa ya kunyamaza. Akiwa nazo atazitaja, na asipokuwa nazo atasema karo mbili, ambayo nayo si karo. Nilipofundishwa hilo nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilimwambia mchumba wangu kwamba hiyo si karata, hiyo ni ndoa, kwa sababu hata mama yangu akimuuliza baba kama ng'ombe wameshakunywa maji, anachouliza si habari za ng'ombe.

Padri yule aliwaachia wanafunzi wake kanuni mbili, na mume wangu alizirudia kwangu kama katekisimu. Ya kwanza ilihusu kupima mkono: kumi na mbili fungua, kumi na moja nyamaza. Mwenye pointi kumi na mbili ana deni kwa mwenzake la kusema kitu. Mwenye kumi na moja asijifanye tajiri. Ya pili ilikuwa kwamba mapatano si siri. Mpinzani akikuuliza mwenzako amemaanisha nini, unamweleza kila kitu, mbele ya wote. Wawili wenye mapatano ambayo meza haiyajui, padri aliwaita wezi, hata kama mezani hakuna hata senti.

Vita ilipoingia mjini tulikuwa na binti mmoja. Hakuwa ametimiza miaka mitatu. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mimi nilikuwa mama wa huyo mtoto kwa kila mtu, kwa mapadri, kwa muuza chumvi, kwa mume wangu zaidi ya wote. Shule zilifungwa, njia zilifungwa, tukajifungia ndani. Risasi zikianza, tulilala chini. Zikinyamaza, mume wangu alitoa karata. Wawili hawawezi kucheza briji kamili, lakini wanaweza kujizoeza kutangaza. Kila mmoja anapata karata zake kumi na tatu, mnatangaziana, kisha mnazilaza mkekani na kuangalia kama maneno yenu yamewafikisha mahali pazuri. Tulitangaziana kwa kunong'ona. Binti yetu alikaa katikati, na kila mara alichagua karata ileile, vale ya kere. Yule kijana amechorwa kwa upande, jicho lake linaonekana moja tu. Mtoto alilifunika lile jicho kwa kidole ili kijana alale, na alitukataza tusiongee mpaka ameamka.

Homa ilimshika wakati ambao njia ya hospitali ilikuwa na kizuizi, na watu waliokishika hawakuwa wa upande wetu. Mume wangu alimbeba mgongoni akaenda, akarudishwa. Akapita njia nyingine, akarudishwa. Nilikuwa na nusu ya kidonge na maji. Sitaandika zaidi ya hapo. Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa jiko, kwa sababu makaburini hakukufikika, na ni baba yake aliyemtia ile karata mkononi kabla hatujamfunika.

Jioni ileile alinikalisha akaniambia, "Tusimutaje tena. Tukimutaja, na siye tutakufa."

Sikuitika na sikukataa. Nilinyamaza, naye alichukua kimya changu kuwa jibu. Kuanzia kesho yake hakuniita tena kwa jina la mtoto. Aliniita madame, kama wanafunzi wangu, na majirani waliobaki walipoona hivyo nao wakaacha. Mara nilipojaribu, nikaanza tu kusema siku fulani alifanya hivi, aliinua mkono wake, kiganja kimenielekea, na mimi nilikatiza sentensi. Nilijifunza kuikatiza hata moyoni. Hatukupata mtoto mwingine.

Baadaye, tukiwa bado tumejifungia, alizitoa karata tena. Zilikuwa hamsini na moja. Alikata kipande cha boksi la sabuni, kikatoshana na karata, akakichanganya na nyingine bila kuandika kitu juu yake. Hakikuhitaji kuandikwa. Mkono wa kwanza kikanijia mimi. Nilikuwa na pointi kumi na mbili pamoja nacho, na nilijua la kufanya, kumi na mbili fungua. Sikuweza. Nilisema pasi. Tulipolaza karata aliona lile boksi la sabuni kati ya karata zangu, akahesabu, akaelewa, akazikusanya. Siku nyingine kilimjia yeye, naye akafanya vilevile. Hivyo ndivyo tulivyopatana kwamba vale ya kere haihesabiwi. Hakuna aliyelitamka. Yalikuwa ndiyo matanga yetu yote, na mimi niliyashikilia kwa mikono miwili, maana nilijua kwamba kila anapoiruka karata ile, anamkumbuka.

Amani ilipofika ilifika inachechemea. Magari meupe ya askari wenye kofia za buluu yalizunguka mjini na vumbi lake, na watu walisalimiana sokoni huku kila mmoja akijua mwenzake alikimbilia wapi na nani alimpokea. Ulikuwa unacheka na mtu, halafu njiani unaanza kujiuliza. Pamoja na hayo meza yetu ilirudi. Jumapili baada ya chakula tulikutana chumba cha nyuma cha parokia, sisi wawili, abe, padri kijana wa parokia, na mkaguzi wa shule mstaafu, mzee mnyoofu kama rula, ambaye alikuwa mwanafunzi wa padri yuleyule na alijiona mrithi wake. Mkaguzi alileta karata mpya kutoka Kampala. Zilikuwa hamsini na mbili kamili, na vale ya kere alikuwamo, anang'aa, na lile jicho lake.

Nilidhani mume wangu ataanza kumhesabu. Karata ilikuwa mpya, watu walikuwa wengine, vita ilikuwa imekwisha, au tulisema hivyo. Lakini Jumapili ya kwanza alisema pasi, na alipolaza karata nilimwona kijana yuko kati yao na pointi zilikuwa kumi na mbili. Mkaguzi alimpa somo refu. Mimi nilitazama ukutani ili nisimkumbatie mume wangu mbele ya abe.

Tukawa watu wa kuchekwa. Mkaguzi alitangaza kwamba sisi ni wanandoa waoga kuliko wote wa Ituri. "Munaogopa nini?" alituuliza. "Vita iliisha." Nilifurahia kuitwa mwoga, nakuambia kweli. Nilijua tunavunja kanuni ya padri, kwamba tuna mapatano ambayo meza haiyajui. Kwa kanuni ile tulikuwa wezi, na ule ulikuwa wizi pekee ambao ningeweza kuungama bila kujuta.

Mishahara ya walimu ilikuwa hadithi, kwa hiyo mume wangu aliingia biashara ya samaki. Aliondoka Ijumaa kwenda Tchomia, ziwani, akarudi Jumatatu na vikapu vya samaki wa chumvi. Kwa briji hilo lilikuwa msiba, maana watatu hawachezi. Ni yeye mwenyewe aliyepata dawa. Alisema kuna mama mmoja mjane, wa Butembo, anauza vitenge karibu na soko, mume wake marehemu alimfundisha briji. Huyo angeweza kukalia kiti chake. Alimleta mwenyewe parokiani, akamtambulisha kwetu, akanyanyua kiti na kumvutia akae. Ninakikumbuka kile kiti.

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mpole, sauti ya chini. Vitenge vilimkaa vizuri, na hilo nalisema ili nisije nikaonekana nimegeuka mtakatifu. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Nilimpenda, na hapo ndipo hasira inaponipanda hadi leo. Tulipangwa wenza, mimi na yeye, dhidi ya mkaguzi na abe, na mimi nilimvumilia makosa yake, nikamweleza kwa nini trefle mbili si trefle, nikampa na kuku wa kutaga alipolalamika kwamba mayai ni ghali. Aliendelea haraka kuliko nilivyotegemea. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba mimi ni mwalimu mzuri.

Jumapili ile mvua ilipiga mabati mpaka ilibidi tutangaze kwa kupaza sauti. Mkaguzi aligawa. Yeye mwenyewe akasema pasi, mimi pasi, abe pasi, na yule mama pasi. Wanne wote wakisema pasi mkono unakufa, hakuna mchezo, mnagawa upya. Lakini mkaguzi hakuwa mtu wa kuacha mkono ufe bila mazishi. Desturi yake ilikuwa kwamba kila mmoja alaze karata na kutoa hesabu yake, ili ijulikane nani alikuwa na uwezo wa kufungua akanyamaza. Yeye alikuwa na tisa. Mimi nilikuwa na kumi. Abe tisa. Yule mama akasema kumi na moja.

Mtu aliyefundisha hesabu hawezi kujizuia. Mkaguzi bado alikuwa akisogeza miwani, mimi nilishajumlisha, na jibu lilikuwa thelathini na tisa.

Nilijumlisha tena. Niliomba niwe nimekosea mimi, niwe nimezeeka, nimesahau dame mahali. Nilizitazama karata zangu, sikuwa nimesahau kitu. Sikutazama karata za yule mama, kwa sababu nilijua nitakachokiona.

Mkaguzi naye akafika. Alisema mezani pamepotea pointi moja, na kwamba pointi haiwezi kutoka chumbani kwa miguu yake. Aliinama kutafuta karata chini ya meza. Abe alisimama akakung'uta kanzu yake, wakacheka. Karata zote zilikuwapo. Basi mkaguzi akamgeukia mgeni, akamwomba kwa heshima zote ahesabu upya, taratibu, mbele ya wote. Alihesabu kama wanafunzi wapya wanavyohesabu, akigusa kila karata kwa kidole. Asi ya pike, nne. Rwa ya karo, saba. Dame ya trefle, tisa. Dame ya kere, kumi na moja. Karata iliyofuata ilikuwa vale ya kere, na kidole chake kilipita juu yake bila kuigusa.

"Na ule kijana?" mkaguzi aliuliza, akitaka sababu. "Juu ya nini umemuruka?"

"Ule hatumuhesabu," alisema.

Alilisema kwa wepesi wa mtu anayesema jambo la kila siku. Halafu akasikia alichosema. Aliinua macho akanitazama mimi, si mkaguzi, na uso wake ukabadilika wote.

Nilitaka kuipindua ile meza. Nilijiona nimevuliwa nguo katikati ya soko. Mkaguzi alikuwa anangoja maelezo, abe anatabasamu, na mimi niliona kwamba neno moja litakalofuata litaiweka ile karata juu ya meza, pamoja na aliyeishika mkononi, wanaume wawili waigeuzegeuze. Nikasema, "Ni miye nilimufundisha vile."

Mkaguzi alitikisa kichwa. Aliniambia woga wangu na wa mume wangu ni maradhi, na kwamba sasa naambukiza hata wageni wa Butembo. Nilikubali. Aligawa upya, tukacheza mpaka mwisho, na sijui nilitangaza nini. Asidhani mtu kwamba nilimwokoa yule mama. Nilikuwa naificha karata yangu.

Tulipomaliza, wanaume walikimbilia mvuani na sisi wawili tukabaki barazani. Nilimuuliza tangu lini. Hakukana, hilo nampa. Alinieleza bila kuzunguka kwamba ni tangu msimu wa mvua uliopita, kabla hajaletwa mezani, kwamba mume wangu hakuwa akienda Tchomia Ijumaa bali Jumamosi, na Ijumaa alilala kwake. Jioni walicheza karata, maana kusema kweli marehemu mume wake hakumfundisha kitu. Alijua majina ya karata tu. Mengine yote alijifunzia huko. Aliomba msamaha kwa maneno mazuri. Mimi nilikuwa namsikiliza huku nikipanga matusi, na kwetu sisi watu wa ng'ombe matusi tunayo. Mume kulala kwingine ni jambo ambalo mama zangu wadogo walinifunda jinsi ya kulitukana na jinsi ya kulivumilia. Liliniuma, lakini lilikuwa na mahali pa kukaa.

Ila bado nilikuwa na swali moja. Nilijiwekea tumaini dogo la kipumbavu. Nilitumaini kwamba amemdanganya. Kwamba alimwambia karata ile ina mkosi, au ni desturi ya wazee, au hakumwambia kitu. Angemdanganya, basi kitu fulani kingebaki changu.

"Alikuambia juu ya nini hatumuhesabu?" nilimuuliza.

Akanijibu kwa kuniita. Aliniita mama wa binti yangu, kwa jina lake, jina lenyewe. Tangu tulipomfunika sikuwa nimelisikia likitoka kinywani mwa mtu. Nilishika ukuta wa baraza.

"Aliniambia yote," alisema. "Namna alimubeba ku mugongo, namna walimurudisha. Na ile kidole yake, namna alikuwa anafunika jicho. Alilia, yaya. Alilia mupaka na miye niliogopa. Kila mara anamutaja, analia."

Sikumtukana. Nilikuwa nimeyapanga vizuri yale matusi, na yote yaliniponyoka. Nilitoka mvuani nikatembea hadi Ngezi, na njia nzima nilikuwa na wivu, lakini si wivu wa kitanda. Nilimwonea wivu kwa machozi yale. Miaka yote ile nililala kando ya mtu ambaye nilidhani amekauka, nikajikausha na mimi ili nisimuumize. Niliukatiza moyo wangu kila ulipoanza sentensi, kwa ajili yake. Kumbe alikuwa na maneno. Alikuwa na maneno yote, na jina, na kidole kile, na alivibeba vyote akavipeleka nyumba ya muuza vitenge akavifungua huko. Na mimi, mama yake mtoto, aliniinulia kiganja.

Alirudi Jumatatu adhuhuri na vikapu vyake. Nilikuwa nimetandika mkeka na kuweka juu yake pakiti ya zamani, ile ya vita, yenye kipande cha boksi la sabuni. Alishangaa, akatabasamu, akanawa mikono akaja kukaa. Nadhani aliona ni wema. Nilichanganya karata nikagawa mikono miwili kama zamani, na lile boksi la sabuni likanijia mimi. Sikulitafuta. Lingekwenda kwake ningegawa tena, na tena, mpaka lije.

Alingoja nitangaze. Badala ya kutangaza nililaza karata zangu zote uso juu, jambo ambalo katika briji ni marufuku, nikaanza kuhesabu kwa sauti, nikigusa moja moja kwa kidole, kama yule mama alivyofanya. Asi ya trefle, nne. Rwa ya kere, saba. Rwa ya pike, kumi. Nikafika kwenye boksi la sabuni, nikaweka kidole juu yake, nikasema, "Vale ya kere, kumi na moja." Kisha nikalitaja jina la binti yetu. Nililitaja polepole, kwa sababu sikuwa na uhakika kama mdomo wangu bado unalijua.

Mkono wake ulikuwa umeshainuka, kiganja kimenielekea.

"Tulipatana," alisema. "Tulipatana hatutamutaja."

"Siye tulipatana," nilimwambia. "Weye umemutaja."

Alielewa. Niliona akielewa, kwa jinsi macho yake yalivyokimbilia mlangoni, kisha kwenye vikapu, kisha yakarudi kwenye mkeka. Mkono ulishuka. Sikutaka aniombe msamaha, wala sikutaka aape kuachana na mtu. Nilitaka kitu kimoja, alie. Alie pale, mbele yangu, kwenye mkeka ambao mtoto alikalia, ili na mimi hatimaye nipate kulia na mtu. Yale machozi yalikuwa haki yangu kabla hayajawa ya mwingine. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Kisha nikamtazama usoni, nikamngoja.

Alikusanya karata. Alizipanga vizuri, pembe kwa pembe, boksi la sabuni katikati yake, akazirudisha kwenye pakiti, akasimama akavuta kikapu cha kwanza kukipeleka uani. Macho yake yalikuwa makavu.

"Madame," alisema, "samaki itaoza."